Pama za mtumba: kunja ngozi ya ndani kabla hujauliza bei

Tangu kiangazi kianze napokea malalamiko ya aina moja. Mtu kanunua pama ya zamani, imesimama vizuri, wiki chache tu inambana na kumwachia unga wa kahawia kwenye paji la uso. Mmoja kaambiwa na muuzaji kwamba kichwa chake kimenenepa. Jamani!

Ngozi ndiyo imekufa. Nasema ule ukanda ulioshonwa ndani kuzunguka kofia, ambao wanunuzi wetu hapa Dodoma hawaugusi kabisa. Wanapuliza vumbi, wanasifia utepe, wanajipiga picha. Ukanda huo umenyonya jasho na chumvi ya mtu miaka mingi. Ukikutana na ukavu wetu wa Mei hadi Novemba unasinyaa, na unapojivuta unaivuta na felti, yaani kile kitambaa cha manyoya au sufu iliyoshindiliwa kinachofanya kofia yenyewe. Doa nitalisamehe, hata kitundu cha nondo. Ngozi, hapana.

Kwa hiyo ukiwa soko la Sabasaba au mnadani Msalato, geuza ukanda utoke nje kama mfuko wa suruali, uminye kwa vidole viwili. Ukijikunja kimya, anza kupatana bei. Ukitatarika na kuacha unga mwekundu, hakuna mafuta ya kuufufua. Na huko nyuma ya ukanda mara nyingi kuna kikaratasi cha namba ya saizi: 7 1/8 ni sentimita 57, 7 1/4 ni 58. Kama kinasema 58 na wewe mwenye kichwa cha 57 inakubana, jibu unalo: ngozi imesinyaa.

Namba moja kwangu ni Stetson, na upendeleo wangu siufichi. Wameanza Philadelphia mwaka 1865, na felti yao ya manyoya hata ikija imepondeka ndani ya belo, mvuke wa birika unairudisha. Usibabaishwe na zile X tu, alama za ubora wanazopiga ndani ya kofia. Hazina kipimo kimoja, 4X ya zamani inaweza kuizidi yenye X nyingi ya juzi. Ya pili Borsalino ya Italia, ya tangu 1857: laini ajabu, ila huwa inachanika pale mbele watu wanapoibana kwa vidole kuivua. Ya tatu Akubra ya Australia, manyoya ya sungura, haiogopi mvua ya Januari. Za sufu ni rahisi, zikilowa zinalegea. Za plastiki vaa shambani.

Felti nzuri yenye ngozi mbovu chukua, ila kwa nusu bei. Mpelekee fundi viatu ngozi laini ya kondoo au mbuzi, ashone kwa mkono akipita kwenye matundu yale yale ya zamani. Atataka cherehani, mkatalie, itatoboa matundu mapya. Gundi ndiyo kabisa, inapenya kwenye felti na kuganda doa lisilotoka. Na wewe ukinyoosha ukingo kwa mvuke, geuza ukanda nje kwanza, maana ngozi ikipata mvuke wa moto inajikunyata hapo hapo. Kofia usiiache ndani ya gari juani.

Sasa hawa wauzaji wa mtandaoni. Kofia ni ile ile ya kwenye belo, wameipiga brashi, wakaivisha nailoni, bei "njoo inboksi". Ukienda, laki na themanini! Niliomba picha ya ndani, nikajibiwa, "Dada, wewe mteja au TBS?" yaani shirika la viwango. Mwingine akanieleza kwamba kugeuza ngozi kunaharibu kofia. Kama kidole changu kinaiharibu, kaka, basi unaniuzia maiti. Kwa hela hiyo napanda SGR alfajiri hadi Dar, naingia soko la mitumba la Karume nachagua kwa mikono yangu, narudi na pama, na hela ya fundi inabaki.