earth.nullschool.net darasani: hewa na bahari inazimudu, ardhi utaileta mwenyewe

Ramani hii ya dunia inayozunguka, iliyoanzishwa na Cameron Beccario mwaka 2013, ni bure na haidai kujisajili. Kwa mwalimu wa jiografia wa sekondari anayetaka wanafunzi waone jinsi hewa inavyosukuma bahari na bahari inavyojibu, haina mpinzani wa karibu. Ila mvua ikishafika chini, ramani imeishiwa: udongo, mito na maji ya ardhini hutayakuta humo.

Somo linalofaa kuanza nalo ni kusi. Gusa neno “earth” chini kushoto, chagua Air, kisha kimo cha 850 (pale shinikizo la hewa ni hektopaskali 850). Weka tarehe 15 Julai ya mwaka uliopita. Njia ya mkato ni kuandika tarehe kwenye anwani yenyewe, kwa mpangilio wa 2019/07/15/0000Z, pale palipoandikwa “current”. Upepo utaonekana ukitoka kusini-mashariki, ukivuka ikweta kandokando ya Kenya na Somalia, kisha ukipinda kuelekea India. Sasa hamia Ocean, chagua SST (joto la uso wa bahari), na ubonyeze karibu na Ras Hafun, nyuzi 10 kaskazini na 52 mashariki. Bonyeza tena nyuzi 60 mashariki kwenye latitudo ileile. Maji ya pwani ni baridi zaidi, ingawa ni Julai na jua liko kaskazini. Waache wanafunzi wabishane kwanza. Jibu ni kwamba upepo unaokwenda sambamba na pwani, pamoja na mzunguko wa dunia, huyasogeza maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya kilindini hupanda kuziba pengo. Hupanda na virutubisho, planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) wakastawi, samaki wakafuata. Hapo upepo, maji na viumbe vimeungana katika dakika ishirini.

Hatua ya pili ni vuli ya 2019, na hapa pana hesabu. Chagua SSTA (joto la uso wa bahari likilinganishwa na la kawaida), 15 Novemba 2019. Soma pointi tano katika eneo la magharibi la Bahari ya Hindi (latitudo 10 kusini hadi 10 kaskazini, longitudo 50 hadi 70 mashariki) na tano mashariki yake (10 kusini hadi ikweta, longitudo 90 hadi 110). Tafuta wastani wa kila eneo, toa wa mashariki kwenye wa magharibi. Tofauti inayozidi nyuzi 0.4 kwa wiki kadhaa huhesabiwa kuwa dipoli chanya, yaani magharibi pamepata joto kuliko kawaida ikilinganishwa na mashariki, na mwaka ule ilikuwa kali. Maji ya moto upande wetu yalilisha mvua zilizoleta mafuriko Afrika Mashariki. Pointi tano zinatoa makadirio tu, kwa hiyo usishangae makundi mawili yakipata majibu tofauti kidogo. Usichague pointi zilizo nchi kavu upande wa Sumatra, hazina kipimo.

Makosa hujirudia yaleyale. Kubwa ni kuchanganya SST na SSTA: ya kwanza ni joto lenyewe, ya pili ni tofauti na kawaida ya msimu. Bahari ya Zanzibar mwezi Machi ina joto kila mwaka, na hilo si ajabu lolote. Saa nazo: 0000Z, yaani saa sita usiku ya Greenwich, ni saa tisa usiku kwetu. Na kimo cha 850 kiko takriban mita 1,500 juu ya bahari, wakati Nairobi iko juu zaidi ya hapo. Ukibonyeza Nairobi unasoma upepo wa chini ya ardhi, namba iliyobuniwa na kompyuta kujaza nafasi.

Kumbuka pia kwamba michirizi ile mizuri ni matokeo ya modeli ya hali ya hewa. Hakuna setilaiti inayoipiga picha. Mvua ya radi iliyonyesha shuleni pekee inaweza isionekane kabisa.

Kwa upande wa ardhi, tengeneza kipimamvua: chukua chupa ya lita 1.5 yenye kuta zilizonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli, weka kokoto na maji hadi pale kuta zinapoanza kunyooka, ufunge rula yenye sifuri hapo. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba: paa la bati la mita 10 kwa 6 likipata milimita 20, ni lita 1,200. Kisha mwaga lita mbili mbili kwenye trei mbili zilizoinamishwa sawa, moja ya nyasi na moja ya udongo mtupu, upime kinachotiririka na rangi yake. Trei zikiwa na mwinamo tofauti, jaribio limeharibika.

Intaneti ikisuasua, piga picha za skrini za ramani tatu hizo usiku uliotangulia. Tabaka likigoma kwa tarehe fulani, sogeza siku moja. Kwa hewa na bahari, alama tano kati ya tano. Kwa mfumo mzima wa dunia, tatu, na mbili zilizobaki ziko kwenye chupa na trei.