Deki ya Blu-ray kwa sebule ya Mombasa: igeuze nyuma kwanza, bei baadaye

Ingia duka la elektroniki Digo Road au Moi Avenue uulizie deki ya Blu-ray, mashine ya kuchezea diski za filamu zenye picha kali, na muuzaji atakuonyesha uso wake: plastiki nyeusi inayong'aa, 4K kwa rangi ya fedha, na stika ya Netflix. Uache huo uso. Geuza mashine, washa tochi ya simu, usome kibandiko cha nyuma. Volti, kanda, matundu ya HDMI na njia ya kutolea sauti, yote yako hapo, na hayo ndiyo yatakayoamua kama deki itakaa kwako au itarudi dukani.

Volti ni jambo la dakika moja. Stima yetu ni volti 240, Hz 50. Kibandiko kikisema "AC 100-240V" chomeka bila wasiwasi. Kikisema 120V, hiyo ni ya Marekani. 100V ni ya Japani. Ukizichomeka hizo moja kwa moja utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Transfoma ya kushusha stima ya wati 100 inatosha, kwa kuwa deki yenyewe hula kama wati 20 hadi 30. Usidanganywe na kile kigeuza-stima chepesi cha wasafiri. Kimetengenezewa pasi na hita, si vyombo vyenye bodi. Deki yenye adapta ya nje, kama Sony UBP-X700 inayotumia volti 12, ina faida hapa: adapta ikiungua unanunua adapta, hununui deki.

Kanda, yaani eneo la dunia ambalo deki na diski zimefungiwa, ndiyo inayowachanganya wengi. Blu-ray ya kawaida imegawa dunia sehemu tatu: A ni bara la Amerika, Japani, Korea na kusini-mashariki mwa Asia; B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia; C ni India, China na Urusi. Kenya, Dubai na Uingereza zote ni B, kwa hiyo deki iliyotoka Ghuba kwenye sanduku la jamaa, au mtumba wa Uingereza, hucheza diski za B bila maneno. DVD zina hesabu yake nyingine: Kenya na India ni 5, Uingereza, Ghuba na Japani ni 2, Marekani ni 1. Hivyo deki ya Dubai inaweza kucheza Blu-ray yako vizuri na kuikataa DVD halisi ya hapa. DVD za kuchomwa mtaani hazina kufuli lolote, ndiyo maana watu wengi wameishi na deki miaka kumi bila kujua kwamba kufuli lipo.

Wapenzi wa filamu za Kihindi waangalie mgongo wa kasha: diski yenye C peke yake haichezi kwenye deki ya B, yenye A, B na C pamoja inacheza kokote. Diski za 4K hazina kanda kabisa. Ila kasha moja mara nyingi huwa na diski mbili, ya 4K na ya Blu-ray ya kawaida, na hiyo ya pili inaweza kuwa imefungwa. Na muuzaji akikwambia "fundi ataifungua kwa rimoti", mwambie aifungue mbele yako. Kwa DVD, baadhi ya deki hukubali. Kwa Blu-ray, mashine nyingi za majina makubwa huhitaji kufunguliwa na kuwekewa kifaa ndani.

Sasa sauti, na hapa ndipo pesa hupotea. Nyumba nyingi za Mombasa zina sabufa yenye matundu mawili, jekundu na jeupe. UBP-X700 haina matundu hayo. Ina HDMI mbili na tundu moja la kidijitali la koaksia, basi. Mnunuzi anafika nyumbani Kisauni na waya wake wa rangi mbili mkononi, hana pa kuuchomeka. Njia rahisi ni kuitoa sauti kwenye TV, kupitia tundu la hedifoni, hadi sabufa. Njia safi zaidi ni kununua kibadilishi kidogo cha kidijitali kwenda analogi, kukiunga kwenye koaksia, kisha kuingia menyu ya sauti ya deki na kuchagua PCM, sauti isiyobanwa. Ukiacha Dolby, ambayo imebanwa, hapo utapata ukimya au mlio wa kukwaruza, kwa sababu vibadilishi hivyo vidogo vingi havijui kufumbua Dolby. Panasonic DP-UB820 inayo matundu ya analogi, mpaka njia 7.1, na wenye ampli nzuri ya zamani wana sababu ya kuilipia zaidi.

Mwenye saundibaa kwenye ARC, njia ya HDMI inayotoa sauti kwenye TV kuipeleka kwenye saundibaa, ajue mipaka yake. ARC ya kawaida haibebi Dolby TrueHD wala DTS-HD Master Audio, ambazo ndizo sauti kamili za diski. Sauti hizo zinahitaji eARC, toleo lake jipya, pande zote mbili, TV na saundibaa. Hata hivyo TV inaweza kuleta ubishi: Samsung iliacha DTS kwenye TV zake tangu zile za mwaka 2018, kwa hiyo diski ya DTS inayopitia TV hiyo hufika kwenye saundibaa ikiwa bubu. Kama saundibaa yako ina HDMI ya kuingiza, ipitishe deki humo kwanza, kisha TV. Kama haina, chagua PCM kwenye deki uridhike na sauti ya njia mbili.

Wenye risiva za sauti za mtumba, ampli zile nzito zilizotengenezwa kabla ya 4K, ndio wanaofaidi HDMI mbili kuliko wote. Risiva ya umri huo hufumbua TrueHD na DTS-HD bila taabu, lakini haipitishi picha ya 4K wala ulinzi wake dhidi ya kunakiliwa, HDCP 2.2. Ukipitisha deki ndani yake utaona skrini nyeusi, au picha itakayoshuka hadi 1080p, na utailaumu deki bure. Chomeka HDMI kuu kwenye TV, na ile ya pili iliyoandikwa sauti pekee kwenye risiva. Halafu ingia menyu uzime kitu kinachoitwa "BD Audio MIX Setting" kwenye Sony, au "BD-Video Secondary Audio" kwenye Panasonic. Kikiwashwa, deki huchanganya sauti za menyu na za filamu, na hata risiva mpya yenye Atmos au DTS:X, sauti zinazotoka hata juu ya kichwa, haizipati ingawa diski inazo. Ni kitufe kimoja, na ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "mbona taa ya Atmos haiwaki".

Picha hutegemea TV uliyonayo kuliko deki. Kila diski ya 4K yenye HDR, yaani mwanga na rangi pana zaidi, ina HDR10, na kila deki ya 4K inaisoma. Tofauti iko kwa nyongeza mbili, HDR10+ na Dolby Vision, zinazopanga mwanga sini kwa sini. Samsung inatumia HDR10+ na haina Dolby Vision. LG na Sony wana Dolby Vision, hawana HDR10+. Hisense na TCL, ambazo zimejaa mjini, zina zote mbili kwenye modeli nyingi, lakini soma boksi la modeli yako, usiamini jina. Mwenye LG au Sony anatoshwa na X700. Mwenye Samsung hapati cha ziada kwa Dolby Vision ya X700. Panasonic DP-UB150 inayo HDR10+ na ni ya daraja la chini, ingawa ina HDMI moja tu. Mwenye Hisense au TCL ya juu ndiye wa kufikiria UB820, kwa kuwa inacheza zote.

Kasoro moja ya X700 lazima isemwe: haiitambui diski ya Dolby Vision yenyewe. Unaiwasha kwa mkono kwenye menyu kwa diski yenye alama hiyo, na unaizima kwa diski isiyo nayo. Ukisahau, rangi hukaa vibaya na ngozi za watu hugeuka. Kwa bei yake tunaivumilia, ila kwenye nyumba ya watoto wenye rimoti mkononi itakuwa kero.

Kwa projekta hatusiti: UB820. Projekta haina mwanga wa TV, na HDR juu yake hutoka giza, sura za watu hazionekani kwenye sini za usiku. Deki hii ina orodha ya aina za skrini, projekta ikiwemo, na huupanga mwanga wa HDR upya kulingana na chaguo lako kabla picha haijatoka. Hakuna deki ya bei ya X700 inayofanya hivyo kwa uzuri huo. Kebo nayo ihesabiwe: mpaka mita 3, waya wa shaba uliothibitishwa kwa Gbps 18 unatosha, ukipanda dari hadi mita 8 au 10 nunua HDMI ya nyuzi za mwanga. Hiyo ina upande. Ncha ya "Source" ni ya deki, ya "Display" ni ya projekta, na fundi akishaipitisha kwenye bomba la ukutani kinyume, kazi inaanza upya.

Kama TV yako ni ya 1080p, usinunue 4K. Sony BDP-S1700 inatosha. Haina Wi-Fi, na hutaikosa. Mwenye PS5 yenye mlango wa diski tayari ana deki ya 4K yenye HDR10, bila Dolby Vision, na haichezi CD za muziki. PS4 Pro, licha ya jina lake, haichezi diski za 4K.

Kwa nini ujisumbue na diski wakati intaneti ipo? Netflix hupendekeza Mbps 15 kwa 4K. Diski ya 4K ya GB 100 inaweza kufika Mbps 128. Moshi, maji na giza ndipo utaiona tofauti hiyo. Uvumi wa kwamba "Blu-ray imefungwa" ulitokana na Sony kuacha kutengeneza diski tupu za kurekodia Februari 2025. Hizo si za filamu. Walioacha deki kweli ni Oppo mwaka 2018, Samsung waliojitoa kwenye soko la Marekani mwaka 2019, na LG mwishoni mwa 2024. Mtumba wao unauzwa, lakini lenzi ya kubadilisha ni ngumu kupata. Kwa Samsung kuna la ziada: Juni 2020 faili lenye kasoro lilipakuliwa na deki zake nyingi kupitia intaneti, zikaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Ukikuta deki ya Samsung kwa bei ya kutupa, iwashe dakika tano kabla ya kutoa pesa.

Kupima mtumba kunataka diski tatu, na uje nazo mwenyewe: DVD, Blu-ray ya GB 50, na ya 4K ya GB 100. Muuzaji atataka kupima kwa DVD peke yake, na DVD haikwambii lolote kuhusu Blu-ray. Leza nyekundu ya nm 650 ndiyo husoma DVD. Blu-ray husomwa na leza nyingine ya nm 405, na hiyo huchoka yenyewe huku nyekundu ikiwa nzima. Weka diski ya 4K, ruka hadi katikati ya filamu, iache icheze dakika kumi, kisha ruka mwisho. Ikiganda, ifute diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ujaribu tena. Ikiganda pale pale, tatizo linaweza kuwa diski. Ikiganda mahali tofauti kila mara, lenzi imechoka. Sikiliza pia trei: ikitoka kwa kusuasua, mkanda wa mpira umelegea, na hilo ni tengenezo dogo.

Flashi za filamu zina mtego wake. Deki za Blu-ray tangu 2012 hutambua Cinavia, alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu yenyewe. Nakala isiyo halali ya filamu yenye alama hiyo hucheza vizuri kama dakika ishirini, kisha sauti hukatika na ujumbe hutokea kwenye skrini. Deki haijaharibika, na fundi hana dawa yake.

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa kudumu. Nyali, Likoni au Mji wa Kale, deki iliyokaa karibu na dirisha hufanya unga mweupe kwenye matundu ya HDMI, na grisi ya reli za trei hukauka. Iweke mbali na dirisha, iachie nafasi ya sentimita 10 juu na pembeni. Zima "Quick Start", maana huiacha nusu macho usiku kucha ikipata joto, na itie kwenye gadi ya stima yenye kuchelewesha, kwa sababu stima inaporudi ndipo huua. Ukiitoa chumba chenye AC kwenda sebule ya joto, iache saa moja kabla ya kuiwasha; umande hutanda kwenye lenzi. Lenzi yenyewe husafishwa kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa mguso tu, pasipo kusugua.

Na diski zisikutane kamwe na dawa ya meno. Ujanja huo hufanya kazi kwenye DVD kwa kuwa data imekaa milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray imekaa milimita 0.1 tu chini ya uso, juu yake kuna ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, na ukiisugua ngozi hiyo ikaisha, diski haina tena cha kuilinda.