Uzoefu wangu na Practical Magic ya Alice Hoffman

Ukiifungua riwaya hii ya 1995 ukitarajia vita vya wachawi, utaiweka chini kabla hujafika katikati. Uchawi upo, ila umewekwa pembeni, kama harufu ya bustani inayopita dirishani. Kinachobeba hadithi ni Sally na Gillian Owens, ndugu wawili mayatima wanaolelewa Massachusetts na bibi wawili wa ukoo, Frances na Jet. Sally anapika na kupanga maisha ya nyumba nzima. Gillian analala hadi mchana, na akikua anatoroka na mwanamume.

Sehemu ya kwanza ndiyo bora kuliko zote. Jioni ikiingia, wanawake wa mji hupita mlango wa nyuma kutafuta dawa ya mapenzi, nao watoto hujificha ngazini wasikilize. Yupo msichana wa duka la dawa anayemtaka mwanamume fulani kwa gharama yoyote. Dawa inafanya kazi, tena kupita kiasi: yule bwana anamganda hata hampi nafasi ya kupumua. Kila woga wa mapenzi utakaowasumbua Sally na Gillian ukubwani unatokana na yale waliyoyasikia pale ngazini, kwa hiyo usizisome kurasa hizo kwa kurukaruka.

Baadaye Sally, sasa mjane, anahamia Long Island na binti zake Antonia na Kylie. Gillian anamfuata akiwa na maiti ya mpenzi wake, Jimmy, ndani ya gari. Wanamzika uani, chini ya mimea ya lailaki, na mimea hiyo inaanza kuchanua kwa namna isiyo ya kawaida. Hapo ndipo Hoffman anapoonyesha ufundi: hofu inaletwa na maua. Ugomvi wa Antonia na Kylie nao unarudia ule wa mama na mama yao mdogo, bila mwandishi kukusukuma uone kufanana huko.

Kasoro zipo. Riwaya ina sehemu ndefu zisizo na sura fupi za kupumzikia, na mwandishi husimulia zaidi ya anavyowaachia wahusika waongee. Aya moja yaweza kuanza na Sally, ikapita kwa jirani, ikaishia kwa mtu usiyemjua. Ukiisoma vipande vidogovidogo kabla ya kulala utapoteza uzi. Tenga muda mrefu. Mapenzi ya Sally na Gary Hallet, mpelelezi kutoka Arizona, yanaiva haraka mno, wala sikushawishika. Tahadhari pia: Jimmy ni mwanamume anayempiga mpenzi wake, na jambo hilo halikufunikwa.

Waliotangulia kuona filamu ya 1998 iliyotokana na riwaya hii ndio hulalamika zaidi. Kwenye filamu mabinti ni wadogo, na laana ya ukoo, kwamba mwanamume anayependwa na mwanamke wa Owens hufa, ndiyo uti wa mgongo wa kisa. Kitabuni mabinti wameshabalehe, nayo laana karibu haina nafasi. Ilikuja kupewa uzito katika vitabu vilivyofuata: The Rules of Magic (2017), Magic Lessons (2020) na The Book of Magic (2021).

Wengi hushauri kufuata mpangilio wa matukio, yaani kuanza na Magic Lessons, inayorudi karne ya 17. Mimi nakataa. Ukitoka huko umeshiba laana, utakiona hiki cha 1995 kimepungukiwa, na utabaki kujiuliza Vincent, mdogo wao wa kiume Frances na Jet katika The Rules of Magic, kapotelea wapi. Jibu ni jepesi: alibuniwa miaka 22 baadaye. Fuata mwaka wa kuchapishwa, na The Book of Magic iwe ya mwisho kwa vyovyote vile, maana inafichua mambo ya vitabu vyote vitatu. Mwenye muda wa kitabu kimoja tu achukue hiki, kinajitosheleza.