Meya wa Kura ya Wananchi: Tathmini ya Huduma kwa Mpiga Kura

Uchaguzi wa meya unaofanywa na wananchi wenyewe, badala ya madiwani kumchagua mmoja wao kikaoni, hunadiwa kwa ahadi mbili: kwamba mkazi atajua nani wa kumuuliza barabara inapoharibika au taka zinaporundikana, na kwamba mtu huyo hataondolewa kwa makubaliano ya faragha baina ya makundi ya barazani. Nimeutazama kama huduma nyingine yoyote inayogharamiwa na kodi, yaani kwa kuuliza kama mteja anapata alichoahidiwa. Kwa tathmini yangu, ahadi ya kwanza hutimia pale tu sheria inapompa meya fedha na watendaji wa kuwaagiza. Ya pili hutimia vizuri, na mahali pengine hutimia kupita kiasi.

Mfumo ninaoupa alama za juu ni wa Italia. Kabla ya mwaka 1993 mameya wa huko walichaguliwa na mabaraza, na uongozi wa miji uliyumba kila vyama viliposhindwa kuelewana. Sheria namba 81 ya mwaka huo, iliyopitishwa wakati kashfa za rushwa zimekwisha kuvitikisa vyama vikubwa, iliwakabidhi wapiga kura uchaguzi wa meya na, jambo lililo zito zaidi, ikamfungamanisha meya huyo na baraza lake. Katika miji yenye wakazi zaidi ya 15,000, ikiwa hakuna aliyevuka nusu ya kura, wawili wanaoongoza huingia duru ya pili, na orodha za wagombea udiwani zinazomuunga mkono mshindi kwa kawaida hupewa asilimia 60 ya viti hata kama hazikufikia kiwango hicho kwa kura. Madiwani wakipitisha kura ya kutokuwa na imani, au meya akijiuzulu, baraza nalo huvunjwa na wote hurudi kwa wananchi. Mwaka 2015 zaidi ya nusu ya madiwani wa Roma walijiuzulu ili kumng'oa meya Ignazio Marino. Walifanikiwa, lakini viti vyao navyo vilikwenda. Kasoro ipo: upinzani barazani hubaki bila meno kwa muhula mzima, na anayependa mijadala mikali ya bajeti hataipata huko.

Karatasi ya kura ndiyo sehemu ya huduma ambayo mteja huishika mkononi, na hapo London ilifanya vibaya. Mwaka 2021 wagombea umeya walikuwa 20, na kwa kuwa kila mpiga kura aliruhusiwa kuonyesha chaguo la kwanza na la pili, kila jina liliwekewa visanduku viwili. Majina yenyewe yakagawanywa mafungu mawili, kushoto na kulia. Haishangazi kwamba wengi walitia alama ya chaguo la kwanza katika kila fungu, na kura zaidi ya 100,000 zikakataliwa. Baadaye sheria ya mwaka 2022 ililifuta kabisa chaguo la pili, hivyo katika uchaguzi wa 2024 aliyeongoza alishinda bila kuulizwa kama amefika nusu. Kwangu mimi huko ni kumwaga dawa kwa sababu chupa ilibandikwa karatasi mbaya.

Wanaoupinga mfumo huu hupenda kuutaja mji wa Hartlepool, Uingereza, ambako mwaka 2002 Stuart Drummond, kijana aliyevaa vazi la nyani, nembo ya timu ya mpira ya mji huo, na kuahidi ndizi za bure kwa watoto wa shule, alishinda umeya. Husahau kuongeza kwamba alirudishwa mwaka 2005 na tena 2009. Mgombea huru wa namna ile asingepata nafasi katika kikao cha madiwani wa vyama, na nahesabu hilo kuwa sifa. Wakazi walipouchoka mfumo wenyewe, waliufuta kwa kura ya maoni mwaka 2012.

Kampala ndipo ninapotoa alama za chini. Meya wa jiji huchaguliwa na wakazi, lakini kwa sheria ya mwaka 2010 utendaji wa kila siku na dhamana ya fedha viko kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Erias Lukwago alipata kura za wakazi mwaka 2011, na hata hivyo Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa, mgogoro ukahamia mahakamani. Mkazi aliyempa kura hana pa kudai barabara, kwa kuwa aliyemchagua si mwenye fungu.

Kuhusu kumwondoa meya aliyeshindwa kazi, Poland, ambako wananchi huwachagua mameya moja kwa moja tangu 2002, inaruhusu asilimia 10 ya wapiga kura kuitisha kura ya maoni kwa saini zao, lakini matokeo huhesabika tu iwapo watajitokeza angalau watu sawa na tatu ya tano ya walioshiriki uchaguzi wenyewe. Warszawa mwaka 2013 ilihitaji takriban asilimia 29 ya wapiga kura. Walijitokeza takriban asilimia 26, karibu wote wakitaka meya Hanna Gronkiewicz-Waltz aondoke, naye akabaki. Waziri Mkuu Donald Tusk alikuwa amewashauri wakazi wasiende. Ningeliacha sharti la saini, hata kuliongeza, na kulifuta lile la mahudhurio, kwa sababu linamfundisha meya kuombea vituo vya kura viwe vitupu.