Diski ya No Time to Die: picha safi, kisa cha kusubiri kimeachwa nje

Nimenunua diski ya 4K ya No Time to Die, filamu ya 25 ya James Bond, katika duka la filamu na michezo hapa Leicester, kwa pauni 18, na nimeiangalia yote, filamu pamoja na nyongeza zake. Naandika kwa sababu wenzangu kadhaa wameniuliza kuna haja gani ya kununua diski wakati filamu inapatikana mtandaoni. Haja ipo. Lakini kuna pengo ndani ya kasha hili linaloniuma, na sitalipita haraka, maana mimi ni mmoja wa watu walioingoja filamu hii tangu siku ilipotangazwa.

Picha kwanza. Filamu inaanzia Norway, nyumba moja peke yake kando ya ziwa lililoganda, na mtu aliyevaa kinyago anakuja akikanyaga theluji. Nilipoiangalia kwa intaneti, theluji ile ilikuwa weupe mtupu, kama mtu ameacha sehemu ya kioo bila rangi. Kwenye diski naona nyayo, naona miti ya mbali imesimama kila mmoja na kivuli chake, na yule mtoto anapokimbilia ziwani naona mipasuko ya barafu ikitangulia kabla haijavunjika chini yake. Mpiga picha wake, Linus Sandgren, alitumia mikanda ya filamu ya kweli badala ya kamera za dijitali, na baadhi ya sehemu akazipiga kwa kamera za IMAX. Kazi hiyo inaonekana. Kitu kimoja tu: ule urefu wa picha ya IMAX waliouona watu kwenye kumbi zenye kioo kikubwa haukuwekwa kwenye diski. Mistari myeusi ya juu na chini inabaki palepale kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sauti nayo ni ya kutulia na kuisikiliza. Chukueni kile kipande cha Matera, Italia. Aston Martin DB5 imezingirwa uwanjani, risasi zinagonga vioo, Bond amekaa kimya na Madeleine, mpenzi wake, yuko pembeni anamsihi afanye kitu. Kwenye simu utasikia kelele. Kwenye diski, hata kwa spika zangu za kawaida, kila risasi ina upande wake: hii imegonga mlango wa kushoto, ile imetua kioo cha nyuma, na katikati yake unasikia pumzi ya yule mama. Halafu taa za mbele zinafunguka, bunduki zinatoka, gari linaanza kuzunguka. Katika mji huohuo, ili pikipiki na magari visiteleze kwenye mawe yale ya kale, walimwaga Coca-Cola barabarani, lita maelfu kwa maelfu, matairi yapate kushika. Nikiangalia lami na mawe yanavyong'aa nakumbuka hilo kila mara.

Sasa nyongeza. Kuna kipande kuhusu Matera, kimoja kuhusu mapigano na kukimbizana, kimoja kuhusu nchi walikokwenda, na kimoja kuhusu mavazi na mandhari. Toleo langu lina pia Being James Bond, mazungumzo ya Daniel Craig, aliyemcheza Bond, na watayarishaji wake, Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, kama dakika 45 hivi. Hicho pekee kinastahili sehemu ya ile pauni 18. Craig anazungumzia jinsi alivyopokewa mwaka 2005, magazeti yakimsema kwa nywele zake za rangi ya dhahabu, na mashabiki wengine wakitishia kuisusia filamu hata kabla kamera haijawashwa. Mwaka uliofuata ikatoka Casino Royale na midomo ikafungwa. (Kipande cha Uganda katika filamu ile, kinachoandikwa Mbale, kilipigwa kwenye bustani moja nje ya London iitwayo Black Park. Mjomba wangu alipoona ile miti tu alisema hapo si Mbale.)

Basi pengo lenyewe ni hili. Hakuna maelezo ya mwongozaji yanayoandamana na filamu, na hakuna hata kipande kimoja kilichotengwa kueleza filamu hii ilivyochelewa kutufikia. Kwa filamu nyingine ningenyamaza. Kwa hii, kuchelewa ni nusu ya kisa.

Mwaka 2017 tuliambiwa ingetoka Novemba 2019. Mei 2018 akatangazwa Danny Boyle kuwa mwongozaji, sote tukafurahi, mtu mwenye Oscar anakuja na mwandishi wake. Agosti mwaka huohuo akaondoka kwa kutoelewana kikazi. Septemba akaja Cary Joji Fukunaga, na tarehe ikasogezwa hadi Februari 2020, kisha hadi Aprili 2020. Mei 2019 Craig akaumia kifundo cha mguu wakiwa Jamaika, akafanyiwa upasuaji. Juni mlipuko uliopangwa kwa ajili ya filamu ukapita kiasi kwenye studio za Pinewood, ukaharibu sehemu ya jengo linaloitwa 007 Stage, na mfanyakazi aliyekuwa nje akajeruhiwa kidogo. Magazeti ya hapa Uingereza yaliandika kila wiki kama vile filamu ina mkosi.

Halafu Februari 2020 ukatoka wimbo wa filamu, ulioimbwa na Billie Eilish, na mwezi uliofuata, kabla filamu haijaonyeshwa popote, dunia ikaanza kufungwa.

Hapa ndipo ninapotaka watu wawatendee haki mashabiki. Picha iliyobaki vichwani mwa wengi ni ya watu wazima waliokuwa wakilia mtandaoni kwa sababu ya sinema. Ukweli ni kwamba tarehe 2 Machi 2020 tovuti mbili za mashabiki, MI6 HQ na The James Bond Dossier, ziliandika barua ya wazi kwa watayarishaji na wasambazaji zikiwaomba waiahirishe, kwa kuwa afya za watu ni kubwa kuliko ratiba ya matangazo. Waliosubiri tangu 2015, tangu Spectre, filamu ya Bond iliyotangulia, ndio hao walioomba wasubiri zaidi. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba filamu imesogezwa hadi Novemba. Ilikuwa miongoni mwa filamu kubwa za mwanzo kabisa kuhama kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa nimeshaomba likizo kazini kwa ajili ya Aprili ile, na niliirudisha bila kinyongo.

Oktoba ndiyo ilikuwa ngumu. Novemba ikafutwa, ikawekwa Aprili 2021. Wiki hiyohiyo kampuni ya Cineworld ikatangaza kufunga kwa muda majumba yake yote ya Uingereza na Marekani, zaidi ya 600, na wafanyakazi wapatao 45,000 wakaguswa. Bond ndiye waliyekuwa wakimtegemea kuwarudisha watu kwenye viti. Kuna watu niliozoea kuwaona mlangoni wakichana tiketi na kuuza bisi, na jumba lao likawa giza. Mtu anayesema kuchelewa kwa filamu ni jambo la mashabiki tu, awaulize hao. Zikavuma na habari kwamba MGM, studio yenye filamu hii, inajaribu kuiuza filamu kwa kampuni za kuonyesha mtandaoni, nayo MGM ikajibu kwamba haiuzwi. Tarehe 31 Oktoba akafariki Sean Connery, akiwa na miaka 90, Bond wa kwanza wa sinema, mtu wa Dr. No ya 1962, na hii ya 25 ikiwa imekamilika na kufungiwa kabatini. Januari 2021 ikasogezwa tena. Machi 2021 wimbo ule ukashinda tuzo ya Grammy, na filamu yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona.

Mjomba wangu wa Tanga, aliyenifundisha mapenzi haya kwa mikanda ya video na ambaye kwake Bond ni Roger Moore na hakuna mwingine, alikuwa akipokea simu yangu kwa swali hilohilo. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha: "Enhe mjomba, picha bado?" Nikimwambia bado, ananikumbusha miaka sita bila filamu ya Bond kati ya 1989 na 1995, kwanza wakiwa mahakamani wanagombania haki za filamu hizi, mpaka Timothy Dalton, aliyekuwa Bond wakati huo, akajiuzulu. "Hao watu wakigombana wakubwa, sisi watazamaji tunakaa," alisema. Na ni kweli. Hata Skyfall ilisimamishwa mwaka 2010 kwa sababu MGM ilikuwa imelemewa na madeni, ikaja kutoka 2012, na ikawa mojawapo ya zilizopendwa kuliko zote. Kwa hiyo sisi tunaojua historia hatuogopi kusubiri. Tunachochukia ni kusogezewa tarehe bila kuambiwa jambo la maana, trela ileile inarudishwa na maandishi ya mwisho yamebadilishwa.

Hatimaye, tarehe 28 Septemba 2021 ikazinduliwa Royal Albert Hall, na siku mbili baadaye tukaingia ukumbini hapa Uingereza. Dakika 163.

Je, ule mvutano wa 2018 unaonekana ndani ya filamu? Kwangu mimi, ndiyo. Saa ya kwanza ni ya mtu anayejua anachokifanya: Norway, Matera, kisha Cuba, ambako Ana de Armas anaingia kwa dakika chache tu akaondoka na moyo wa ukumbi mzima. Lashana Lynch kama Nomi anapewa nafasi nzuri, kisha hadithi inamsahau. Adui, Safin, aliyechezwa na Rami Malek, ana sura na sauti ya kutisha, lakini mpaka leo sijaelewa vizuri kwa nini anataka kuua watu wengi kiasi kile. Chuki yake ya mwanzo inaeleweka, ni kisasi cha familia. Hiyo ya mwishoni, kisiwani kwake, ya kuua watu wengi, imebandikwa. Unahisi mikono mingi imepita kwenye hadithi kwa muda mfupi. Kama Fukunaga angekaa mbele ya maikrofoni akatueleza alikuta nini mezani alipoingia Septemba 2018 na alibadilisha nini, diski hii ningeiweka juu ya zote nilizonazo.

Ambaye hajaiona aruke aya hii. Tulikua tunaambiwa steringi hafi, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Bond kwa miaka karibu 60. Hapa anakufa. Ukumbini kuna waliokaa mpaka taa zikawaka, na kuna waliotoka na hasira kwamba tumesubiri yote yale kuja kuzikana. Mimi nimeiangalia tena kwenye diski, ile dakika yuko peke yake juu, anazungumza na Madeleine kwa redio huku makombora yako njiani, na ninasimama upande wa waliofanya uamuzi ule. Craig hapepesi jicho. Muziki wa Hans Zimmer unapanda polepole, na spika za chini zinatetemesha sakafu kabla hujaona moto wowote.

Na baada ya majina yote kupita, yanatokea maneno yaleyale ya siku zote, kwamba James Bond atarudi. Lini, na vipi, ndilo swali tunaloishi nalo sasa. Amazon iliinunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45. Februari 2025 Broccoli na Wilson wakatangaza kuachia usukani wa ubunifu, jambo ambalo familia yao, iliyotayarisha filamu hizi, haikuwahi kulifanya tangu mwanzo. Baadaye mwaka huohuo wakatajwa watayarishaji wapya, Amy Pascal na David Heyman, mwongozaji Denis Villeneuve, na mwandishi Steven Knight. Majina mazito. Mimi nasema wapewe muda wautakao, waandike hadithi ikamilike kwanza ndipo wataje tarehe. Ahadi ya 2017 ilitolewa kabla hata mwongozaji hajapatikana, na sote tuliona ilikotufikisha.

Kwa anayetaka kununua: kama una TV ya 4K na spika za kuridhisha, chukua hii bila kusita. Picha naipa 5 kati ya 5, sauti 5, filamu 4, nyongeza 2 na nusu, na hizo mbili na nusu karibu zote ni za Being James Bond. Matoleo hayafanani, kwa hiyo geuza kasha usome nyuma uhakikishe mazungumzo hayo yameorodheshwa. Kama una mashine ya Blu-ray ya kawaida, toleo la bei ya chini linatosha kwa filamu yenyewe. Na kama unaangalia kwa simu, baki na mtandao, hela yako iweke kwa ajili ya tiketi ya ukumbini, siku filamu ya 26 itakapofika.