TAHADHARI: Kuna watu wanauza "kabini za kulala" za Glacier Express. Msilipe

Ndugu zangu, hasa mnaopanga fungate au likizo ya Ulaya: kuna akaunti Instagram inayouza kifurushi cha "treni ya kifahari kwenye milima ya theluji ya Uswisi". Siku tatu, mnalala ndani ya treni, viza ya uhakika, bei ya kutupa. Msitoe hata senti. Treni wanayoitaja, Glacier Express, ipo, tena ni nzuri kuliko picha zao. Safari wanayoiuza haipo.

Mimi naishi Chur, mji wa Uswisi ambao Glacier Express hupita na kusimama. Juzi binamu yangu wa Kinondoni kanirushia PDF ya tiketi yao WhatsApp, eti nimwangalizie tu kama iko sawa. Yeye na mchumba wake walishatoa nusu ya malipo, shilingi milioni nne na nusu. Nikaifungua. "Kabini namba 4, kitanda cha chini." Tarehe 16 Novemba. Kutoka Zermatt kwenda Jungfraujoch. Uongo mara tatu kwenye karatasi moja, na kila mmoja ulitosha peke yake kuwashtua.

Kitanda kwanza. Glacier Express ni treni ya mchana. Inatoka Zermatt asubuhi na kufika St. Moritz jioni, au kinyume chake: kilomita 291, madaraja 291, mahandaki 91, karibu saa nane kitini. Wenyewe hujisifu kuwa ni ekspresi ya mwendo wa pole kuliko zote duniani. Kabini hakuna, kitanda hakuna, bafu hakuna. Hata anayelipia daraja la juu kabisa, Excellence, lililoanza 2019, anapata kiti kikubwa cha dirishani, chakula cha kozi kadhaa na vinywaji. Viti vyenyewe ni 20 tu behewa zima, kwa hiyo ukiona mtu anatangaza "nafasi 40 za Excellence" jua huyo hata tovuti ya treni hajawahi kuifungua. Usiku unalala hoteli, kwa pesa yako.

Novemba sasa. Kila mwaka, kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba, treni hii haitembei. Inapumzishwa. Lakini mtu wa Dar au Mombasa akisikia Novemba Ulaya anawaza theluji, na tapeli analijua hilo. Ndiyo maana tarehe zao nyingi nilizozikuta kwenye tangazo ziko Novemba, kwa jina la "ofa ya theluji ya kwanza".

Na Jungfraujoch? Hiyo ni reli nyingine kabisa, ya tangu 1912, inayopanda ndani ya mwamba hadi kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Glacier Express haigusi huko; sehemu ya juu kabisa inayofika ni njia ya mlimani ya Oberalp, mita 2,033. Ni sawa na kuuziwa tiketi ya SGR ya Dodoma inayokushusha Tanga.

Picha zao nazo zinachekesha. Wameweka treni ya mvuke, moshi mweusi juu ya theluji. Mvuke ulibaki kwenye reli ya zamani ya kupanda mlima wa Furka, inayoendeshwa na wapenzi wa reli, nayo hutembea majira ya joto tu. Glacier Express inapita chini, kwenye handaki la Furka lenye zaidi ya kilomita 15, tangu 1982. Handaki hilo ndilo lililoiwezesha kutembea hata majira ya baridi. Kabla ya hapo theluji ilikuwa inaifunga njia. Na kwa kuwa sasa inapita chini, ule mto wa barafu (kwa Kiingereza, glacier) wa Rhone ulioipa treni jina abiria hauoni tena. Mawakala waaminifu watakwambia hivyo ukiwauliza.

Kuhusu bei nitasema kwa franka, kwa sababu shilingi inacheza. Zermatt hadi St. Moritz daraja la pili inazidi franka 150, la kwanza inazidi 250, na juu yake kuna ada ya kuweka kiti ambayo ni lazima. Excellence unalipa tiketi ya daraja la kwanza, kisha nyongeza ya karibu franka 500. Jumlisha mwenyewe. Binamu yangu aliambiwa Excellence, hoteli, viza na ndege ya kwenda na kurudi Zürich, vyote kwa watu wawili, milioni tisa. Nauli ya ndege peke yake ingekula sehemu kubwa ya hizo.

Kuna mchezo mwingine ambao ni mgumu zaidi kuugundua, nao nimeushuhudia hapa Chur kwa wageni wa nchi nyingine. Tapeli ananunua tiketi halali kabisa, ile ya kawaida ya njia hiyo, anakuuzia kwa bei ya kifahari. Ukiipima, QR inasoma vizuri. Unapanda, kondakta anaipokea, kisha anauliza: kiti chako kipi? Glacier Express bila nafasi ya kiti hupandi, na tiketi na kiti ni vitu viwili tofauti. Hata mwenye Swiss Travel Pass, pasi ya watalii ya treni za Uswisi inayolipia nauli ya njia yote, bado anatakiwa kulipia kiti. Kwa hiyo usiridhike na QR. Dai karatasi ya kiti: namba ya treni, behewa, kiti, tarehe. Na tiketi za mtandaoni za huku hubeba jina la abiria na tarehe ya kuzaliwa. PDF isiyo na jina lako ni mapambo.

(Wenye bajeti ndogo: treni za kawaida zinapita reli hizo hizo mwaka mzima, Novemba pia. Unabadilisha treni njiani mara kadhaa, kiti hulazimiki kuweka, na daraja la reli la Landwasser, mita 65 kwenda juu, unalipita kama kawaida.)

Viza ya uhakika hakuna anayeiuza. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uswisi, inatolewa na ubalozi, na ubalozi unaweza kukunyima hata ukiwa na kila kitu.

Binamu alipomuuliza muuzaji habari za kitanda na Novemba, alijibiwa: "Kipenzi, ratiba ya mwaka huu imebadilika. Huyo ndugu yako ana wivu tu na fungate lako." Alipodai pesa zake akaambiwa amalizie kwanza nusu iliyobaki ndipo "mfumo urudishe zote". Kisha akablokiwa. Lipa Namba aliyolipia, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la duka la vipodozi. Hapo ndipo pa kusimama, ndugu zangu. Jina lisipolingana na kampuni, usibonyeze.

Kampuni ya utalii Tanzania huwa na leseni ya biashara ya utalii, wengi huiita TALA, iombe. Cheti cha BRELA (cha usajili wa biashara) peke yake hakitoshi, maana hata duka la vipodozi linacho. Viti vyenyewe unaweza kununua mwenyewe kwenye glacierexpress.ch kwa kadi ya benki, bila dalali.

Aliyekwisha kulipa: pigia mtandao wako wa simu mara moja, maana pesa ikishatolewa kuirudisha ni shida. Namba ya tapeli itume 15040. Wa Safaricom Kenya, 333. Nenda polisi na skrinshoti zote, uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi), kwa sababu mtandao na benki watakuuliza hiyo RB. Usifute mazungumzo hata kama yanakuuma kuyaona.

Mwenye tiketi anayotaka niitazame anitumie inboksi, ila afiche namba ya pasipoti kwanza.