Espacenet na zile namba zake za makundi: nimeitumia kutafuta mashine ya kukuna nazi, maoni yangu haya hapa

Naona watu wanaulizana sana kama Espacenet inafaa kutafutia hataza (patent, haki ya mvumbuzi kulindiwa uvumbuzi wake kisheria) au ni kupoteza bando tu. Mi naitumia kitambo sasa naipa nyota nne kati ya tano, na karibu zote nne zimeenda kwenye kitu ambacho wengi wanakipita bila kukigusa, yale makundi ya uvumbuzi. Ukitumia kile kibox cha kutafutia peke yake basi aisee utaiona ya kawaida sana.

Kwa asiyeijua, ni mtandao wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya (EPO), bure kabisa, hujisajili wala hutoi namba ya simu, na ndani kuna hati zaidi ya milioni 150 za nchi kibao. Hizo milioni ndo tatizo lenyewe. Andika neno la nazi kwa Kiingereza uone, unaletewa mafuta ya nywele, godoro la makumbi, sabuni, mkaa wa vifuu, madafu ya kopo, yaani mashine ya kukuna utaitafuta mpaka uchoke.

Mi nilikuwa namsaidia jamaa yangu mmoja fundi wa kuchomelea, katengeneza mashine ya umeme ya kukuna nazi kwa ajili ya mama ntilie na mahoteli, meno ya mbuzi yanazunguka kwa mota na kile kifuu unakikalisha kwenye kikombe cha chuma chenye springi, mkono wako hausogei karibu na meno. Kitu kizuri kweli. Alishalipa wakala (simtaji) amfanyie utafutaji, karatasi aliyorudishiwa imeandikwa hakuna kinachofanana, kumbe jamaa katafuta kwa majina mawili matatu ya Kiingereza akafunga kazi. Sasa Mthai kaandika kwa Kithai, Mchina kwa Kichina, na mawakili wa Marekani ndo balaa, nazi hawaitaji kabisa, wanaandika "tunda lenye ganda gumu" ili hataza ishike eneo kubwa. Utabadilisha majina mpaka lini?

Ndo maana kuna makundi. Kila ombi la hataza likifika ofisini mkaguzi analisoma na kulipa namba kulingana na kitu kinafanya nini, awe mwenyewe amekiita jina gani shauri yake. Mpango wa kimataifa unaitwa IPC, umetokana na mkataba wa Strasbourg wa 1971, unasimamiwa na WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu kule Geneva, na una mafungu nane kuanzia A mpaka H. Juu ya huo EPO na Wamarekani wakajenga wa kwao, CPC, ulioanza Januari 2013, umechambuliwa zaidi, vijikundi kama laki mbili na nusu, na huo ndo Espacenet inaupendelea.

Chukua A23N 5/03. A ni fungu la mahitaji ya binadamu, kilimo, chakula, mavazi, afya, michezo. 23 ni vyakula. N ni mashine za kushughulikia matunda na mboga kwa wingi. 5 ni mashine za kumenya na kuvunja njugu, na hiyo 03 ndo nazi, ina kijikundi chake mwenyewe bwana! Karanga wako jirani hapo kwenye 5/01, na mashine za kuondoa maganda laini au ya nyuzinyuzi ya nje, kwa hiyo na kufua nazi humo humo, ziko 5/08. Nilifurahi kama mtoto, maana wa Pwani tunajua kufua, kuvunja na kukuna ni kazi tatu tofauti, na kumbe mzungu huko Munich, makao makuu ya EPO, naye kalazimika kuzitenganisha.

Ila kukuna haijakaa hapo tu. Vifaa vya jikoni vya nyumbani viko A47J, na vya kukwaruza vyakula vina 43/25. Kwa hiyo mashine ya fundi wangu inaishi nyumba mbili, ukiiangalia kama chombo cha jikoni ni A47J, ukiiangalia kama mashine ya kukuna nazi kwa wingi ni A23N, na lazima upige hodi kote. Na kama ingekuwa inakamua tui hapo hapo ungeongeza A23N 1 ya kukamulia juisi. Ukiandika cpc=A23N5/03 kwenye kibox unapata hati za nazi bila kelele za sabuni, afu unachungulia michoro tu, mchoro hauna lugha. Zikaja za Thailand, China, Marekani, nyingine za zamani zimechorwa kwa mkono vizuri mpaka raha, na kwenye moja kikombe chenye springi hiki hapa. Fundi alikaa kimya kidogo, afu akaanza kuvuta picha kubwa aone springi wameifunga wapi.

Kingine ninachokipenda, ukifungua hati namba zake zimeandikwa pale na pembeni yake kuna herufi kama EP au US zinazokuonyesha ofisi ipi imeitoa, ukibonyeza inakupeleka kwenye mti wa makundi unaona majirani zake. Na kuna sehemu ya hati zilizotajwa na zilizoitaja baadaye, hapo unaweza kupotea usiku mzima.

Sasa nyota iliyokatwa. Maelezo ya makundi yameandikwa kwa Kiingereza kigumu cha wanasheria, Kiswahili hamna, na vidoti vinavyoonyesha kijikundi kipi kiko chini ya kipi vinachanganya, maana namba kuwa kubwa haimaanishi iko chini. Mpangilio nao una vituko vyake, fungu F limeweka majiko na silaha pamoja, jiko la kuni liko F24B na bunduki ziko F41, wakati jiko la kuchomea nyama nje limepelekwa A47J 37/07 kwenye vyombo vya jikoni. Kama unafanya majiko banifu pitia na fungu la ziada la CPC, lile Y02 la mambo ya tabianchi.

Msichanganye pia na zile klasi 45 za alama za biashara, huo ni mpango mwingine kabisa, wa mkataba wa Nice, hauhusu mashine inavyofanya kazi.

Na usidhani ukikosa basi uko salama, maombi mengi yanafichwa miezi 18 kabla ya kuchapishwa. Kwa upande mwingine ukikuta hataza ya Marekani ambayo haikuombwa Tanzania wala kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ikaitaja Tanzania, hapa kwetu haina nguvu, unaweza kutengeneza na kuuza hapa hapa nyumbani, isipokuwa huwezi tena kwenda BRELA, ofisi yetu ya kusajili hataza, kusema wazo ni lako. Zilizopita miaka 20 ndo kabisa, michoro ile ni ya kila mtu. Fundi kaachana na kikombe kwenye ombi lake, kabaki na namna alivyoyapanga meno, hiyo hatujaiona popote mpaka sasa.

Tumieni kompyuta lakini, kwenye simu ule mti wa makundi ni mateso.